Benchi la Sista Dakika Tano

Kituo hiki cha afya hakijawahi kufunguliwa hata siku moja bila mimi, na anayebisha aulize funguo ziko mfukoni mwa nani. Wakuu wa kituo tisa wamepita mbele ya macho yangu, wengine na digrii mbilimbili, na kila mmoja wao alisimama nje ya geti mpaka mimi nifike. Kwa hiyo ilipotafutwa kalamu ya kumuaga Sista wetu katika kijitabu hiki cha sherehe, sikusubiri kuombwa mara mbili. Kusema kweli sikuombwa hata mara moja, ila kuna kazi ambazo mtu mzito hujiteua mwenyewe.

Sista Dakika Tano anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya kutumika miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Jina lake la kwenye vyeti analijua yeye na mtu wa mishahara. Sisi wengine tunamwita hivyo, na ukiingia mtaani ukamuulizia kwa jina la vyeti utazunguka mpaka soli iishe.

Ofisi ya afya imetuletea barua ya kusomwa siku hiyo. Ina mistari minne. Niliigeuza, nikachungulia ndani ya bahasha, nikidhani ukurasa wa pili umenasa. Haukuwepo. Inasema mtumishi huyu amefanya kazi kwa uaminifu na nidhamu na ofisi inamshukuru. Mistari minne kwa miaka thelathini na mmoja. Mbwa wa jirani yangu alipokufa alisemwa zaidi ya hapo, naye alikuwa mwizi wa mayai. Ndiyo maana nimeandika haya, na nikipandisha hasira katikati msomaji anivumilie. Nimejitahidi kukaa dakika tano kabla ya kila aya.

Alikuja hapa kijana, na sanduku la bati na viatu vyeupe ambavyo vumbi letu lilivimaliza siku ya kwanza. Nilimfungulia geti mimi. Akapelekwa wodi ya kujifungulia, akakaa miaka kumi na moja. Watoto aliowapokea ni wengi kiasi kwamba timu zetu mbili za mpira zikicheza, wachezaji wote ni wake, pamoja na refa. Kisha akapelekwa kwenye chanjo, na miaka kumi na miwili iliyopita akahamishiwa meza ya presha. Wakati ule meza ya presha ilikuwa kama mahali pa kupumzishia watu. Aliyekuwapo kabla yake alifuma kofia za wajukuu pale, nzuri sana, ninayo moja.

Siku ya kwanza Sista akafungua rejista. Mstari wa kwanza, mia na ishirini juu ya themanini. Wa pili, mia na ishirini juu ya themanini. Akafunua ukurasa. Mia na ishirini juu ya themanini, mpaka chini. Kurasa kumi na nne. Mpiga zege, mjamzito, bibi wa miaka tisini, mtu aliyeletwa na homa, wote walikuwa na presha moja, kama sare ya shule.

Akauliza mashine iko wapi. Ikatolewa kabatini. Mpira wa kupulizia ulikuwa umepasuka miezi saba nyuma. Lakini ofisi ilikuwa na tabia ya kurudisha fomu yenye safu tupu, inakuja na wino mwekundu na maneno ya kuudhi, basi watu wakajifunza kujaza. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Kituo kizima kilikuwa kinaandika uongo kwa mwandiko mzuri, na ofisi ilikuwa inaupigia mhuri na kutusifu kwa fomu safi.

Kwenye kikao cha wafanyakazi Sista akasoma rejista kwa sauti. Watu walicheka. Aliposoma kurasa mbili kicheko kikapungua. Aliposoma ya tatu akasimama mstari wa kumi na tisa.

"Huyu fundi cherehani mnamjua?"

Tulimjua sote. Alikuja Jumanne kichwa kinamgonga, ikaandikwa mia na ishirini juu ya themanini, akaambiwa anywe maji mengi apumzike. Ijumaa akaangukia cherehani yake, kiharusi. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka hapa, mita mia nane kwa mbio. Wengine wanasema ni mia mbili, lakini wao hawakuwa wamebeba mtu. Fundi alipona. Mkono wake wa kulia haukupona, na huo ndio uliokuwa ukikata suti bila chaki.

Sista alikwenda kumwona nyumbani. Fundi hakumtukana. Alimuuliza tu, "Sista, siku ile mlinipima kwa kitu gani, kwa macho?" Sista alirudi kituoni akafanya kazi mpaka tulipofunga. Nilimfungulia geti, nikamwambia kwaheri Sista, akapita kama mimi ni nguzo. Si kawaida mtu kunipita mimi hivyo.

Kuanzia hapo, kila Jumatatu alikwenda ofisi ya afya kudai mashine. Jumatatu nane alirudi mikono mitupu. Afisa wa vifaa alikuwa na jibu lake tayari. "Lakini Sista, mbona takwimu zenu nzuri? Kwenu hakuna mwenye presha."

"Hakuna aliyepimwa," Sista akamjibu.

Jumatatu ya tisa alikwenda na rejista na fundi cherehani. Nami nilikwenda, kwa ulinzi. Afisa, kwa heshima na taratibu zake, akamsogezea fundi daftari la wageni asaini. Fundi akautazama mkono wake, halafu akamtazama afisa. Mashine mbili zilifika Alhamisi, na mikanda ya saizi tatu, maana mkono wa mpiga zege si mkono wa bibi. Watu husema ni fundi aliyezileta zile mashine. Sibishani nao. Ila mimi nilikuwa mlangoni nimekunja uso, na uso wangu ukikunjwa hufanya kazi yake.

Sasa benchi. Mume wa Sista, shemeji yetu, ni seremala. Wodi ya uzazi ilipobadilishiwa mlango, shemeji aliuomba ule wa zamani akautumia kutengeneza benchi la watu sita, akaliweka kwenye korido mbele ya chumba cha presha. Ukiinama utaona maandishi bado yapo chini yake, USIINGIE BILA KUBISHA. Sheria ya Sista ilikuwa hii: hakuna mkono unaoingia kwenye mkanda kabla mwenye mkono hajakaa dakika tano, miguu chini, mgongo umeegemea, mdomo umefungwa. Kisha mkono wa nguo unavuliwa, mkono mtupu unawekwa juu ya meza, unapimwa mara mbili. Kabla yake tulikuwa tunapima mtu amesimama, anahema, koti limemkaa, huku anasimulia ugomvi wa jirani.

Msidhani watu walifurahi. Mama muuza nyanya alipoambiwa akae, alikaa nusu.

"Sista, nyanya zangu nimeziacha juani, halafu unaniambia nikae kimya. Nimekuja kupimwa, sikuja msibani."

"Nyanya zitaiva, mama. Wewe usiive."

"Basi nipime sasa hivi uone kama kuna tofauti."

Sista akampima pale pale. Mia na sitini na nane. Akamkalisha dakika tano, akampima tena. Mia na arobaini na mbili.

"Unaona? Hizo ishirini na sita ulipanda nazo ngazi. Tungekupa dawa ya ngazi."

Mama wa nyanya alicheka mpaka akaambiwa aanze dakika tano upya. Tangu siku hiyo yeye ndiye askari wa benchi. Mtu akifungua mdomo, anamkodolea macho.

Kisha ikaja vita ya dawa. Dirisha la dawa lilikuwa likitoa vidonge vya siku saba, kwa sababu fomu ilikuwa na visanduku saba. Sababu ilikuwa hiyo tu. Mtu wa dawa za maisha yake yote alikuwa anapanga foleni kila wiki, anapoteza nusu ya siku ya kazi, na wiki ya tatu anaacha. Halafu tunamwita mkaidi. Mfamasia wetu wakati ule tulimwita Bwana Kesho, mnaelewa kwa nini. Sista alimkalisha kwenye benchi. Siongezi chumvi, alimkalisha, dakika tano, halafu akamuuliza kama yeye mwenyewe angeweza kuja kila Jumatano mpaka afe. Bwana Kesho alifikiri akasema hapana. Wakaandika pamoja barua ya kuomba mgonjwa apewe dawa za mwezi, na presha ikitulia apewe za miezi mitatu. Barua ilijibiwa baada ya mwaka mmoja na nusu. Sista alikuwa ameshaanza siku ya pili yake.

Na sasa nifike kwenye maboksi, ambako wanaume tulionekana. Zamani kadi za wagonjwa zilikaa kabatini kwa herufi. Mtu akija anatolewa yake. Asipokuja, kadi inakaa pale pale, imenyooka, safi. Mtu akipotea, kabati halijui. Sista akaomba maboksi ya viatu kwa muuza viatu wa njia panda, thelathini na moja, akayaandika tarehe. Kadi yako inawekwa kwenye boksi la siku unayotakiwa kurudi. Ukija, inahamia mbele. Tukifunga kituo, kadi zilizobaki ndani ya boksi la leo ndizo za watu wasiokuja. Huhitaji digrii. Unaona tu.

Na hao wasiokuja, nani awapigie? Mimi. Sista alinichagua kwa sauti yangu, ambayo upepo ukivuma vizuri inafika mtaa wa pili; simu natumia kwa adabu tu. Nimepigia watu zaidi ya mia nne. Nimesikia yote. Mzee wa mabati aliniambia amepona.

"Nani kakuambia umepona, mzee wangu?"

"Mwili wangu."

"Mwili wako umesomea wapi?"

Akaja kesho yake. Mwalimu mmoja alikuwa anagawana vidonge na mumewe, yeye asubuhi, mume jioni, wakijiona wanapendana kumbe wote wawili presha inawapanda. Wakaja na mume akafunguliwa kadi yake. Wengine walikuwa wameacha kwa sababu dawa iliwavimbisha miguu na walimwonea haya Sista kumwambia. Wakabadilishiwa. Kila niliyempigia nilimwambia maneno haya: mimi mwenyewe, Mjomba wa getini, nameza yangu kila asubuhi, na unanionaje?

Kadi moja tu ilinishinda, namba mia mbili na kumi na mbili. Miezi minane ilibaki boksini, na miezi minane niliandika pembeni yake kwa penseli: simu haipatikani. Sista alikuwa akiishika, anaigeuza, anaisogeza mbele. "Mjomba, huyu hana ndugu?" Nikamwambia huenda amehama.

Mwaka wa kwanza wa kupima kweli, kati ya watu mia wenye presha, ishirini na wanane tu ndio presha yao ilikuwa imeshuka inapotakiwa. Mwaka huu ni sabini na mmoja. Hizo ni hesabu za Sista, za mwandiko wake, na hakuna mbili zinazofanana.

Hapa ndipo naomba nikae dakika tano.

Miaka mitatu iliyopita mkaguzi wa ofisi ya afya alikuja na kamera, akapiga picha maboksi, akamuuliza Sista maswali, akanywa chai yetu. Baada ya muda tukasikia amekwenda mkutano mkubwa wa mbali, akarudi na cheti cha fremu kilichotundikwa ukumbini kwao: ubunifu wa ofisi katika ufuatiliaji wa wagonjwa. Ubunifu wa ofisi. Nilikwenda kukiona kwa macho yangu. Picha ni ya maboksi yetu. Boksi la tarehe saba lina mchoro wa kiatu cha kike chenye kisigino kirefu, ninalijua kama ninavyojua geti langu. Jina la Sista halipo hata kwa kioo cha kukuzia. Nilimwambia, akasema, "Waache, Mjomba, mradi maboksi yapo." Mimi siwaachi.

Maana sasa hata maboksi hawataki yawepo. Wiki mbili zilizopita ililetwa barua nyingine, na hiyo ina kurasa mbili, kwa kubomoa hawakosi maneno. Kwa kuwa Sista anastaafu, kuanzia tarehe moja meza ya presha iunganishwe na foleni ya kawaida. Benchi liende stoo kwa sababu linaziba korido na linapunguza idadi ya wagonjwa kwa saa. Maboksi nayo yawekwe stoo mpaka kompyuta zije. Kompyuta hizo tumeahidiwa tangu mkuu wa kituo wa sita.

Nawauliza walioandika, na najua mtakuwa mmekaa viti vya mbele siku ya sherehe mkiwa na kijitabu hiki mkononi: mnataka wagonjwa wengi kwa saa, au mnataka mia na ishirini juu ya themanini? Kwa sababu tukiacha kumkalisha mtu tutarudi kuandika tu, na mwandiko wetu bado ni mzuri. Muuguzi mdogo aliyefundishwa na Sista miaka minne yupo, anajua mkanda, anajua maboksi. Mwacheni na meza yake. Wakati mnafikiria, nawajulisha kwamba benchi limefungwa kwenye nguzo ya korido kwa mnyororo wa geti, na kati ya funguo zangu arobaini na saba sikumbuki ni upi unaofungua kufuli lile. Geti kwa sasa tunafunga kwa kamba.

Nilitaka niishie hapo, lakini muuguzi mdogo amesoma karatasi hizi akaniambia, "Mjomba, haijaisha, na wewe unajua." Basi.

Jumatatu iliyopita Sista alikuwa anamkabidhi maboksi. Benchi lilijaa, watu sita kimya, mama wa nyanya kwenye ncha. Nami nilikuwa nimesimama pale nikihakikisha usalama. Sista akafika kwenye kadi mia mbili na kumi na mbili. Hakuniuliza. Akachukua simu ya kituo, akapiga namba iliyoandikwa kwenye kadi.

Jina la kwenye kadi ile ni jina langu la kitambulisho, ambalo hapa hakuna anayelitumia, kwa sababu kwa wote mimi ni Mjomba. Kadi nilifunguliwa na mwanafunzi wa mazoezi siku wafanyakazi walipopimwa. Nikapewa vidonge, nikameza mwezi mmoja na nusu, nikajisikia dume, nikaacha. Nadhani Sista alijua tangu mwezi wa pili. Alikuwa ananisubiri nijipigie.

Mtu mmoja akanipisha, Sista akanikalisha kwenye benchi. Mama wa nyanya alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini nifunge mdomo, jambo ambalo hakuna mkuu wa kituo aliyewahi kuliweza. Dakika tano. Mia na sabini na sita juu ya mia na nne, na mara ya pili hivyo hivyo. Sista akafungua mkanda taratibu. "Umewapigia watu mia nne, Mjomba. Wewe nani anakupigia?"

Kwa hiyo wakubwa zangu, sibishi tena kwa hasira, nabisha kwa kadi. Kama ningekuwa kabatini, kabati lisingejua. Nimerudia vidonge, na zamu yangu ya kurudi ni tarehe kumi na tatu, na tarehe hiyo nataka nikute boksi lililoandikwa kumi na tatu, mezani, si stoo.

Sista, kwa niaba ya wafanyakazi wote, ya mtaa mzima, na ya fundi cherehani ambaye sasa anakata kwa kushoto na ameahidi kuja na suti aliyoshona mwenyewe, tunasema asante, na asante hii ina mistari zaidi ya minne. Umetukalisha sisi sote. Sasa kaa wewe, nyumbani kwako, na shemeji, na si dakika tano. Siku zako ziwe nyingi na presha yako ikae chini.

Lipo moja dogo nililoruka. Sista alipopiga ile namba, simu ililia mfukoni mwa shati langu, na mlio wake mnaujua. Watu sita wa benchi waligeuka. Mimi nikaitoa, nikaiweka sikioni, na Sista akiwa amesimama hatua tatu mbele yangu ananitazama, nikasema kwa sauti ya kiofisi kabisa kwamba mwenye simu hii hapatikani, apige baadaye.